Fundi wa Spika na Wiki Tatu za Kimya

Fundi hakuwa mtu wa kusema "moja mbili, moja mbili" kwenye maiki. Akimaliza kutengeneza spika, aliiwasha, akaweka kiganja juu ya ule uso wake mweusi, akainamisha kichwa na kunyamaza. Sisi tuliosimama pale kibandani tulinyamaza pia bila kuambiwa. Alikuwa akisikiliza vile inavyotulia. Aliniambia spika mbovu huwezi kuijua ikiongea, maana kuongea yoyote inaweza. Mbovu ni ile inayonguruma wakati hakuna mtu ameshika maiki.

"Hiyo iko na kitu inaisumbua ndani," alisema. "Kama mtu ananung'unika peke yake kwa njia."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kwa sababu mtu wa kunung'unika peke yake kwa njia nilikuwa mimi. Nilitembea nikiimba, nikioga nikaimba, nikipima sukari dukani kwa mama nikaimba. Kwa hiyo Fundi alinipa jina: Redio.

"Redio, leo betri imeisha?" angeuliza nikipita kimya. Na nikipita nikiimba: "Redio, punguza, nachoma waya hapa, mkono unacheza."

Kibanda chake kilikuwa kimeshikana ukuta na duka letu, huku mwisho wa mtaa wa Kapsoya, ambapo nyumba za kupangisha zinakwisha na mahindi yanaanza. Ukishuka nyuma ya kibanda unakutana na kijito, na juu ya kijito kuna daraja la mbao la watu wa miguu. Ng'ambo ya daraja ni nyumbani kwa watu wa Fundi, wenyeji. Upande wetu ni mchanganyiko. Mama alikuja kutoka mkoa wa kati kufungua duka. Jirani zetu wengine walitoka upande wa ziwa, walimu na madaktari na mafundi wa ujenzi. Makanisa yalikuwa matatu kwa barabara moja, na yote matatu yalimtegemea Fundi.

Nikisema yalimtegemea simaanishi walimpenda kila siku. Fundi alikuwa na uongo mmoja, wa saa. "Kesho asubuhi" yake ilikuwa Alhamisi. Ukimletea redio ya nyumbani ungeweza kuisahau mpaka watoto wako wamalize shule. Lakini spika za matanga hakuwahi kuchelewesha hata dakika. Ukisema kuna mtu amefariki, aliacha yote, akafunga kibanda, akabeba vyombo kwa boda na kukaa huko mpaka mwili uingie ardhini. Na hakukubali wimbo upigwe kwa nguvu wakati jamaa wanalia. Mkono wake ulikuwa kwenye kile kidude cha sauti muda wote, anashusha, anapandisha, kama mama anayefunika mtoto blanketi.

Alikuwa na hasira za ajabu pia. Niliwahi kumwona akirushia kuku bisibisi, halafu akaenda kumwokota kuku na kumwomba msamaha. Kiberiti akiomba kwetu hakikurudi. Mama alizoea, akawa anamwekea chake kando, na bado alikuja kuchukua cha duka.

Kuna Pasta wetu, sasa. Pasta alikuwa mtu mkubwa, mkarimu, wa kushika watu mabega. Siku moja alimwita Fundi ageuze spika ya nje iangalie ng'ambo ya barabara, kwa kanisa lile lingine, ambalo ibada yake ilianza saa ile ile na yetu.

"Pasta," Fundi aliuliza akiwa juu ya ngazi, "Mungu anakaa upande gani wa hii barabara?"

"Kila upande, ndugu yangu."

"Basi huyo wa ng'ambo ameshapata habari. Wacha hii iangalie wateja wa sokoni."

Pasta alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Walielewana hao wawili. Nataka hilo lijulikane kabla sijaandika yaliyobaki, maana watu huku husimulia kama vile walikuwa maadui.

Jambo ambalo sikuelewa kwa miaka mingi ni nyumba yake. Nilitumwa huko mara moja na mama kupeleka unga. Mtu anayeshinda akichokora spika za mji mzima, nyumbani hakuwa na hata redio ndogo ya kusikiliza habari. Mke wake alikuja kusikiliza kwetu. "Yeye hushiba kelele huko kazini," alimwambia mama, akijimiminia chai. "Akifika nyumbani anataka kusikia ng'ombe akitafuna."

Na Jumapili alikwenda kanisani, kule kwa ile misheni ya zamani wanaoimba polepole na kitabu mkononi. Alibatizwa, aliungama, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Lakini ikifika Desemba, benchi lile lilibaki tupu. Alivuka daraja.

Desemba ndiyo wakati wa jando. Vijana wa ng'ambo wakishapita kisu wanawekwa kwenye kibanda chao mbali na nyumba, na kwa ukoo wa Fundi kuna wiki tatu ambazo ngoma hailii karibu, na sauti ya mwanamke haifiki huko. Wanawake hawaoni hao vijana, na hao vijana hawasikii wanawake. Fundi alikuwa mmoja wa wazee wanaowalinda na kuwafundisha. Kila mwaka, kabla ya wiki hizo, alipita kwa makanisa matatu akiwa amevua kofia, akaomba: imbeni, lakini msitumie spika, na ngoma iwe ya ndani. Miaka ya nyuma ilikuwa rahisi. Kanisa letu lilikuwa la mbao na spika yetu moja ilikohoa kama mzee wa sigara. Hata ukiipandisha, haikufika kwa daraja.

Mwaka ule tulinunua mbili mpya, kubwa, urefu wa kifua changu. Fundi mwenyewe ndiye aliyezifunga. Na mwaka ule, mimi Redio, miaka kumi na tisa, fomu foo nimemaliza na gredi ambayo siiandiki hapa, nilipewa kuimba peke yangu siku ya Krismasi. Wimbo wangu mwenyewe. Niliutunga nikipanga maharagwe kwenye gunia. Nilikuwa nimeshaona kila kitu: gauni, maiki, mtu fulani kutoka Nairobi amepotea njia, ananisikia, anasimamisha gari.

Kwa hiyo Fundi aliposimama mbele baada ya mahubiri, kofia mkononi, nilikuwa wa kwanza kupata joto la masikio.

"Mimi siombi mfunge kanisa," alisema. "Naomba wiki tatu. Imbeni, lakini hizi mbili zilale. Hasa sauti za akina mama. Ikifika ng'ambo ni shida."

Katibu wa kanisa akaruka. "Mzee, katiba inaturuhusu kuabudu! Na Pasta alienda ofisi za kaunti, kibali cha sauti kiko hapa, kimepigwa muhuri. Kwani hii ni nchi gani?"

"Nimekiona hicho kibali," Fundi alisema. "Ni kizuri. Lakini wale vijana huko hawana mahali pa kukisomea."

Watu walicheka kidogo, na ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini shosho mmoja, bibi mzee wa benchi la mbele, alisimama, yule anayeuza viazi, na kicheko kikakatika.

"Fundi, wewe nakujua," alisema. "Ulinitengenezea redio na hukunisumbua. Lakini sikiza. Mimi niliwahi kuambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Nikafukuzwa kwangu wakati wa vita, na watoto na sufuria moja. Leo mnasema spika. Kesho ni nini? Mimi sinyamazi tena, baba. Hata ukiniomba na kofia mkononi."

Fundi aliangalia kofia yake, akaigeuza mara mbili, akatoka. Hakuna aliyekaa vizuri kwenye benchi baada ya hapo. Pasta aliomba maombi ya kufunga na hata yeye alifungua macho katikati, nilimwona.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuwasha mwili. Upepo wa Desemba ulipiga mabati, vumbi likaingia kwenye mkate dukani. Simu ya mama haikuacha kutetemeka, grupu la kanisa limechacha: tusimame imara, tusiogope, nani amesikia nini. Mtu aliandika kwamba vijana waliokwisha kutahiriwa zamani, wale wa ng'ambo wenye pikipiki, wamesema tukifungua spika watakuja kuzifunga wenyewe. Mama alianza kuhesabu nguo zetu za maana, akaziweka kwenye begi moja, halafu akazitoa, akaona aibu, akazirudisha. Mimi nilienda dirishani, nikatoka, nikaenda dirishani tena. Sikuweza kuimba. Nikifungua mdomo naona gauni, halafu naona lile begi.

Mwishowe nilimwendea Fundi. Alikuwa anachoma waya na hakuinua uso.

"Fundi, sauti yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya."

"Basi?"

"Ndio shida yenyewe. Haina ubaya." Alipuliza moshi. "Redio, mtoto ameumia. Ana kidonda. Ako baridi, amelala chini, anataka nini?"

"Mama yake."

"Ehe. Sasa huko tunamfundisha asikimbilie mama yake. Mara moja tu, katika maisha yake yote, wiki tatu. Akisikia mwanamke anaimba vizuri, moyo unaamka unaenda nyumbani, na yeye amebaki amelala pale. Anaaibika mbele ya wenzake. Hiyo aibu haitoki."

"Na mimi? Nangoja nini? Kwangu pia ni mara moja."

Hapo aliinua uso. Alinitazama sana, macho mekundu kwa moshi.

"Najua," akasema. "Ndio maana sikukuja kukuomba wewe."

Nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilimwambia, kama wewe ni Mkristo, mbona unapigania giza. Aliweka chuma chake chini taratibu sana. "Huko hakuna giza," alisema. "Huko kuna watoto." Akarudi kazini, nami nikaondoka nikijifanya nina haraka.

Asubuhi ya Krismasi, spika mpya zilikataa. Katibu alijaribu, Pasta akajaribu, kijana wa kinanda akajaribu. Zilinguruma tu. Watu wakaanza kuambiana kwa macho: ni yeye. Amefanya kitu. Shosho alisema kwa sauti, "Si niliwaambia?" Pasta alipiga simu, na sisi tulijua hatakuja, na kwa kweli tulitaka asije, ili tuwe na haki ya kumkasirikia.

Alikuja. Alivaa koti lake la Krismasi, lile la vifungo viwili tofauti. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akainama nyuma ya mashine, akapata waya mmoja ambao panya amekula, akaukata, akauunga. Ilichukua dakika kumi. Nilisimama karibu, maana nilikuwa na maiki.

"Fundi," Pasta alinong'ona, "kwa nini unatufanyia hivi, na ulituomba tusiwashe?"

"Niliomba, mkakataa. Kukataa ni haki yenu. Lakini sikuwaambia nitaharibu kazi yangu." Akajipangusa mikono. "Mtu asiseme mlinyamaza kwa sababu fundi aliwaibia sauti."

Aliweka kiganja juu ya spika, akainamisha kichwa. Zikatulia. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akashuka kwa kijito.

Niliimba. Sitadanganya hapa niseme niliweka maiki chini, ingawa nimeota hivyo mara nyingi. Niliimba wimbo wote, na ulikuwa mtamu, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko mimi, ikaenda, niliihisi ikienda. Watu walilia. Shosho alicheza mpaka kitambaa kikaanguka. Kupitia dirisha la nyuma niliona daraja, na Fundi amesimama katikati, mikono ameitandaza kwenye kamba za pande zote mbili, mgongo kwetu. Mbele yake kulikuwa na vijana kama kumi na watano. Sikusikia waliyosema. Spika zilikuwa zinaniimba mimi.

Hawakuvuka. Tulikula wali, tukapeana zawadi, tukasema Mungu ametupigania. Mama alitoa nguo kwenye begi.

Ilikuwa Februari ndipo mke wake alipomwambia mama, akimimina chai, kwa sauti ile ile ya habari za ng'ombe. Wazee wa ng'ambo walikaa. Walisema mzee wa kimya hawezi kuwa huyo huyo anayeunga waya wa kelele. Wakamtoa. Hakurudi kwenye kibanda cha vijana tangu Krismasi ile. Na siku vijana walipotoka, wakiwa wamepakwa mafuta, watu wakiimba na kuwapokea, Fundi alibaki nyumbani. Kitinda mimba wake alikuwa miongoni mwao. Alipokewa na baba mdogo.

Sikujua. Miezi miwili nilikuwa nampita nikimwambia "Fundi, habari ya asubuhi," naye ananijibu, "Redio, salama," na mimi nikidhani ananinunia kwa sababu ya lile neno.

Baada ya hapo aliendelea kutengeneza spika za makanisa yote matatu. "Kesho asubuhi" yake ilibaki Alhamisi. Lakini Desemba hakuvuka tena daraja. Alirudi kwa benchi lake la mwisho, na watu wa misheni wakadhani ameokoka zaidi.

Imepita miaka mitano. Mwaka huu nimefanywa kiongozi wa kwaya. Mtu wa Nairobi bado hajapotea njia. Mwezi wa kumi na moja nilisimama kwenye mkutano wa kanisa, nikasema tulaze spika wiki tatu, kwa hiari yetu, bila kuombwa na mtu. Katibu aliniita msaliti. Pasta akasema tupige kura. Ilipita, lakini kwa kukwaruza.

Fundi alikuwa amelazwa kule Plateau, hospitali ya misheni, kwa ajili ya kifua, miaka yote ile ya moshi. Nilifika saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Nilimpa habari kabla hata sijakaa, maneno yakinitoka yakigongana.

"Walikubali wote?" aliuliza.

"Hapana. Karibu nusu walikataa. Shosho wa viazi amehama kanisa. Amesema tubaki na kanisa letu wenyewe."

Nilitegemea atafurahi, angalau kwa nusu. Alifunga macho.

"Mmemnyamazisha mara ya pili," alisema.

"Tulipiga kura, Fundi."

"Kura ni kama kile kibali cha Pasta." Alikohoa, nikamshikia kikombe. "Mwende kwake. Usitume katibu, huyo mdomo wake una miiba. Enda wewe. Ununue viazi kwanza, ukae chini, umwache aseme mpaka achoke. Akisema hapana bado, iwe hapana. Lakini asiwe peke yake nayo."

Nilisema nitaenda. Halafu sikuweza kuzuia tena, nikamwambia najua kuhusu mtoto wake, kuhusu wazee, kwamba yote yalikuwa kwa sababu ya wimbo wangu, na kama angeniambia siku ile ningeacha maiki, kweli ningeacha. Nililia kwa kelele hadi kitanda cha pili wakageuka.

"Redio," alisema, "mimi huo wimbo sikuusikia."

"Ulikuwa pale darajani!"

"Nilikuwa nabishana na wajinga kumi na tano. Wote wanaongea pamoja. Nilisikia tu kitu kinalia huko nyuma." Midomo yake ikapinda kidogo. "Watu waliniambia ulikuwa mzuri. Imba sasa."

"Hapa?"

"Kwani umekuja na spika?"

Nikapangusa uso, nikaanza. Sikufika mstari wa pili kabla nesi hajatokea mlangoni, mkono kiunoni. "Dada, hapa ni wodi! Kuna wagonjwa wanalala. Na saa ya kuona watu imeisha, toka."

Nilishika mkoba wangu, nikainuka. Fundi alinishika kwa kidole kimoja, kwenye pindo la sweta.

"Nesi, wacha amalize," alisema. "Huu wimbo mimi nimeulipia."

Nesi alimtazama, akanitazama, akaangalia saa yake ya kifuani. "Dakika moja. Na iwe chini."

Wimbo wangu ni wa dakika nne. Nikapiga magoti, nikasogeza mdomo mpaka karibu na sikio lake, na nikaanzia katikati.